Kizuri Chajiuza? Majarida ya Sheria na Walioshika Ufunguo wa Mlango

Jumatatu ya tarehe 3 Juni 2024, aliyefungua ukurasa wa mtandaoni wa jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, hakukuta makala hata moja. Alikuta maneno machache tu, ya kwamba ukurasa unafanyiwa matengenezo. Fundi hakuwapo wala matengenezo hayakuwapo. Muda mfupi kabla ya hapo, wanafunzi wanaolihariri jarida hilo walikuwa wametoa makala ya kurasa zaidi ya mia moja, iliyoandikwa na Rabea Eghbariah, wakili Mpalestina aliyekuwa akisomea udaktari wa sheria huko Harvard. Makala yenyewe yadai kwamba Nakba, yaani msiba wa kufukuzwa Wapalestina makwao mwaka 1948 na yote yaliyofuata, haina budi kuwa na jina lake katika sheria, kama vile ubaguzi wa Afrika Kusini ulivyopata jina lake na mauaji ya kimbari yalivyopata lake. Bodi ya wakurugenzi wa jarida, ambayo ni ya maprofesa na wahitimu wa zamani, ikaufunga ukurasa mzima kwa ajili ya makala moja. Ulifunguliwa tena tarehe 6 Juni, baada ya malumbano makubwa, na makala ikiwa imo ndani.

Wengi katika sisi tuliisoma habari hiyo kama sura nyingine ya kisa cha Palestina, na hatukukosea. Lakini ndugu msomaji, ndani yake mna swali lingine ambalo kelele za siku zile zililifunika. Nani huchagua kipi kichapishwe katika majarida ya sheria na kipi kitupwe? Achagua kwa mizani gani? Na anayekataliwa, ana haki ya kuambiwa sababu?

Wahenga wametufundisha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo nataka tuipime methali hiyo kwa majarida ya sheria ya Marekani, maana huko hata kizuri hakiuziki mpaka kitembezwe.

WANAFUNZI NDIO WENYE MIZANI

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba majarida makubwa ya sheria ya Marekani hayaendeshwi na wanazuoni. Yaendeshwa na wanafunzi. Katika tiba, au hesabu, au historia, mtu akipeleka makala hupelekewa wajuzi wa fani ileile waipime. Katika sheria ya Marekani, profesa aliyefundisha miaka thelathini huandika makala yake, kisha humpelekea kijana wa miaka ishirini na minne au ishirini na mitano amwambie kama yafaa au haifai.

Mtindo huu ulishika mizizi mwaka 1887, wanafunzi wa Harvard walipoanzisha jarida lao. Yale ikafuata mwaka 1891 na Columbia mwaka 1901, hata ikawa chuo cha sheria kisicho na jarida la wanafunzi ni kama msikiti usio na mnara: chaswaliwa, lakini hakionekani kwa mbali. Masomo ya sheria huko huchukua miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wanafunzi hushindania nafasi katika jarida, kwa alama zao za mtihani na kwa shindano la kuandika. Wakishinda, mwaka wa pili hufanya kazi ya punda: kuhakiki kila tanbihi, kila jina la kesi, kila nambari ya ukurasa. Mwaka wa tatu hupanda wakawa wahariri wenyewe. Halafu huhitimu wakaenda zao, na wengine wakakaa mahali pao. Hapana mhariri anayekaa hata akaonja matunda ya uamuzi wake.

Msidharau, lakini, nguvu ya majarida haya. Mwezi wa Desemba 1890, mawakili wawili, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika jarida la Harvard makala juu ya haki ya mtu kuachwa na siri zake. Wakati huo haki hiyo haikuwa na jina katika mahakama za Marekani. Makala hiyo ikawa mbegu, na mbegu ikawa mti ambao majaji wameukalia kivuli mpaka leo. Brandeis mwenyewe aliingia Mahakama ya Juu mwaka 1916. Basi unapoona watu wanagombania kurasa za jarida, usidhani ni ugomvi wa wino. Lisilo na jina katika vitabu vya sheria ni shida kulidai mbele ya hakimu. Hilo ndilo Eghbariah alilokuwa akilitafutia Nakba.

Hali kadhalika, kuingia katika jarida ni ngazi ya wakubwa wa kesho. Charles Hamilton Houston, mhariri wa kwanza mweusi wa jarida la Harvard, aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, na baadaye akawasomesha mawakili waliouvunja ubaguzi wa shule nchini Marekani. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wa jarida hilo, Susan Estrich, alichaguliwa mwaka 1976. Na Februari 1990 alichaguliwa rais wa kwanza mweusi, kijana wa miaka 28 ambaye baba yake alikuwa mtu wa Kogelo, hapa kwetu Kenya. Jina lake Barack Obama. Hilo lilikuwa miaka kumi na minane kabla ya kuchaguliwa rais wa nchi.

POSA NA MNADA

Sasa tutazame soko lenyewe. Katika fani nyingine, mwiko ni mmoja: usipeleke makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Wapeleka kwa moja, wangoja, wakijibu la, ndipo uende kwingine. Katika majarida ya wanafunzi wa sheria mwiko huo haupo. Mwandishi hupeleka makala ileile kwa majarida thelathini, arubaini, hata zaidi, kwa siku moja, kwa kutumia programu ya kompyuta na kulipa ada kwa kila jarida. Kuna misimu miwili, kama vuli na masika yetu. Msimu mkubwa ni Februari na Machi, wahariri wapya wanaposhika usukani. Msimu wa pili ni Agosti, maprofesa wanapotoka likizoni na maandiko yao mikononi.

Baada ya hapo huanza shughuli ninayoweza kuifananisha na posa tu. Tuseme jarida la chuo kidogo limeleta posa kwanza, na limetoa muda wa siku chache. Mwandishi hakubali wala hakatai. Huiandikia barua nyumba kubwa zaidi: "Binti yangu amekwisha kuposwa, nanyi mkimtaka fanyeni haraka." Nyumba ile ikistuka na kuleta posa yake, mwandishi huichukua hiyo akaipandisha kwa nyumba kubwa zaidi ya hapo. Hupanda hivyo ngazi kwa ngazi mpaka muda uishe au pumzi imwishie. Si siri, ni desturi inayojulikana na kila mtu, na programu yenyewe ina mahali pa kuomba usomewe haraka.

Matokeo ni nini? Jarida kubwa lapokea maandiko zaidi ya elfu kwa mwaka, nalo litachapisha machache mno. Vijana wanaosoma wana mitihani yao, wana kazi za kutafuta. Hawawezi kuyasoma yote. Basi hungoja. Jarida dogo likisha kusoma na kutoa posa, jarida kubwa hujua kwamba hapo pana kitu. Wadogo hufanya kazi ya kuchambua mchele, wakubwa wakaja kuupakua wali.

Fauka ya hayo, kila mwandishi akijua kwamba msomaji wake ni mwanafunzi asiyeijua fani, huandika kwa kumwelekea huyo. Huanza kwa kueleza mambo yote toka Adamu, huweka tanbihi mia tatu ili aonekane ameshiba, hudai kwamba hapana aliyewahi kulisema hili kabla yake. Makala hunenepa kama kondoo wa Idi. Mwaka 2005 jarida la Harvard na wenzake kadhaa walitoa tamko la pamoja kwamba makala zimekuwa ndefu kupita kiasi, na kwamba watapendelea zilizo fupi. Mwaka 2011 Jaji Mkuu wa Marekani, John Roberts, aliwatania maprofesa hadharani kwamba ukifungua jarida la sheria utakuta makala juu ya falsafa ya Mjerumani Kant na sheria ya ushahidi katika Bulgaria ya karne ya 18, jambo ambalo halimsaidii wakili hata mmoja. Watu walicheka, lakini walioumwa waliumwa.

BAHASHA NA ALAMA YAKE

Mwanafunzi asiyeijua fani, aliyezidiwa na mrundo wa karatasi, atachagua kwa nini? Atatazama bahasha. Hutazama mwandishi anafundisha chuo gani, amechapisha wapi kabla, amewashukuru nani katika tanbihi ya kwanza. Mwaka 2007 watafiti wawili, Leah Christensen na Julie Oseid, walichapisha uchunguzi waliowauliza wahariri wanafunzi jinsi wanavyochagua, na ikadhihirika kwamba sifa za mwandishi, chuo chake na machapisho yake ya nyuma, zina uzito wake katika mizani. Hapo ndipo mwenye nacho huongezewa. Aliyeko chuo kikubwa huchapishwa na jarida kubwa, na kwa kuwa amechapishwa na jarida kubwa, huajiriwa na chuo kikubwa zaidi. Aliyeko pembeni huzidi kwenda pembeni.

Yako majarida yaliyojaribu kuliziba tundu hilo. Harvard, kwa mfano, huwaomba waandishi waweke jina na chuo chao katika ukurasa wa mbele peke yake, ili makala isomwe bila ya mwenyewe kujulikana. Ni jambo jema. Lakini siku hizi profesa huisambaza rasimu yake mtandaoni miezi kabla ya kuipeleka, na kijana mwenye shauku haihitaji hata dakika moja kumjua ni nani.

Nisijitie usafi nisio nao. Katika miaka ya 1990, nilipokuwa kijana wa gazeti, niliwahi kupewa kazi ya kuchagua mashairi. Kila wiki hukuta mrundo wa bahasha, na nafasi ni ya mashairi mawili au matatu. Siku moja palikuwa na nafasi moja tu iliyosalia, na mkononi mwangu mashairi mawili. Moja lilipigwa taipu vizuri, la malenga ambaye jina lake likitajwa Mombasa watu huinua vichwa. La pili liliandikwa kwa penseli, katika karatasi iliyochanwa daftarini, la msichana wa Faza nisiyemjua. La malenga nililipitisha kabla ya kufika ubeti wa pili. La msichana nililitia kapuni, wala sikumwandikia hata mstari mmoja.

Miaka miwili baadaye nilihudhuria arusi Lamu, nikasikia wanawake upande wa ndani wakiimba kitu kilichonisimamisha. Vina vyake havikuyumba, mizani imetimia, na maneno yana uzito wa mtu mzima. Nilimwuliza bibi mmoja aliyetoka kuchukua maji, "Bi Mkubwa, shairi hili ni la nani?" Akanitazama. "Ni la mwana wa dadangu, wa Faza. Aliwahi kulipeleka kwenye gazeti, mwanangu. Hawakumjibu. Tangu hapo apeleka mashairi kwenye arusi tu." Sikumwambia kwamba mimi ndiye. Niliona haya.

Na tazama tofauti. Shairi lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mtu yeyote aliyekaa barazani anaweza kuvihesabu kwa vidole bila ya kumjua mtunzi. Mimi nilikuwa na kipimo mkononi na sikukitumia. Vijana wa Marekani hawana hata hicho, kwa sababu hoja ya sheria haihesabiwi kwa vidole. Kinachohesabika ni tanbihi, nazo huzihesabu vizuri sana.

HARVARD, COLUMBIA NA HOFU

Sasa turudi kwenye kisa tulichoanza nacho, maana kina chumba cha nyuma. Kabla ya Columbia palikuwa na Harvard. Mwishoni mwa mwaka 2023, vita vya Gaza vilipokwisha kuanza, wahariri wa sehemu ya mtandaoni ya jarida la Harvard walimwomba Eghbariah aandike. Hakujipeleka, aliitwa. Aliandika, wakahariri, wakahakiki, makala ikawa tayari. Ndipo viongozi wa jarida walipoisimamisha. Mwezi wa Novemba wahariri wote walikutana katika kikao kirefu wakapiga kura, na asilimia 63 wakasema isichapishwe. Makala ilitoka katika gazeti la The Nation mwezi huohuo. Baadhi ya wahariri walitoa tamko la kupinga uamuzi wa wenzao. Ingechapishwa, angekuwa mwanazuoni wa kwanza wa Kipalestina kuandika katika jarida hilo.

Katika Columbia ikawa kinyume chake. Wanafunzi walichapisha, wakubwa wakafunga. Bodi ilidai kwamba utaratibu wa kawaida haukufuatwa, kwamba wahariri wengi hawakuoneshwa makala kabla ya kutoka. Waliochapisha wakajibu kwamba waliiweka katika mikono michache kwa kuogopa yaleyale yaliyotokea Harvard. Nami nasema pande zote mbili zilisema jambo la kufikiriwa. Ni kweli utaratibu wa siri si utaratibu mzuri. Ni kweli pia kwamba mtu hafungi duka zima kwa sababu bidhaa moja imepitia mlango wa nyuma, na hakuna aliyeonesha jarida lingine kubwa lililofungwa hivyo kwa kosa la taratibu.

Hapa ndipo dawa ya kuficha jina inapofika mwisho wake. Katika visa hivi viwili jina halikuwa siri wala halikuwa tatizo la kwanza. Waliokataa hawakusema makala haina hoja au tanbihi zake ni za uwongo. Kilichokuwa mezani ni gharama ya kuichapisha. Siku zile wanafunzi wa Harvard walikuwa wakiona picha na majina ya wenzao yakizungushwa mjini juu ya magari, wakiitwa wachukiao Wayahudi, na wenye makampuni ya sheria wakitishia kutowaajiri. Kijana wa miaka 25 mwenye deni la karo, akiwekewa mbele yake kura ya namna hiyo, hupima mangapi pamoja na hoja? Simtetei. Lakini mfumo unaomkabidhi mwanafunzi ufunguo wa mlango mkubwa kama huu, kisha ukamwacha peke yake upepo uvumapo, una sehemu yake katika lawama.

Mwaka 2025 upepo ulivuma toka upande mwingine. Tarehe 28 Aprili wizara mbili za serikali ya Marekani, ya Elimu na ya Afya, zilitangaza kulichunguza jarida la Harvard kwa madai kwamba linatumia rangi ya mtu katika kuchagua wahariri na makala. Wengine wakasema ni haki kuchunguza, kwa sababu ubaguzi ni ubaguzi hata ukitendwa kwa nia njema. Wengine wakasema ni fimbo ya kuupigia chuo ambacho kilikuwa kinagombana na serikali wakati huohuo. Vyovyote iwavyo, jarida la wanafunzi lililo chombo huru, lisilo mali ya chuo, lilijikuta likiulizwa na dola kwa nini limechukua makala hii likaacha ile. Mkono wa serikali ukisha kuingia katika kapu la mhariri, kuutoa si kazi ndogo.

JE, WAZEE NI DAWA?

Wako wasemao: basi waondoeni wanafunzi, wapeni wajuzi. Ndivyo wafanyavyo Uingereza, ambako majarida ya sheria yako mikononi mwa wanazuoni. Ndivyo ilivyo katika majarida mengi ya Ulaya na ya kwetu Afrika pia. Makala hupelekewa wajuzi wawili au watatu, nao huandika maoni yao bila ya mwandishi kuwajua. Faida yake ni kubwa. Mjuzi hulijua kosa ambalo mwanafunzi hangeliona, na mwandishi aliyekataliwa hupata walau karatasi yenye sababu.

Lakini wazee nao ni watu. Mwaka 1982 wataalamu wawili wa saikolojia, Douglas Peters na Stephen Ceci, walitangaza jaribio la ajabu. Walichukua makala 12 zilizokwisha kuchapishwa na waandishi wa vyuo vyenye majina, wakabadilisha majina ya waandishi na vyuo wakatia ya kubuni, kisha wakazirudisha kwenye majarida yaleyale yaliyozichapisha. Tatu tu ndizo zilizogunduliwa. Katika tisa zilizobaki, nane zilikataliwa, na aghalabu kwa sababu ya makosa makubwa katika utafiti! Makala ni ileile, kilichobadilika ni bahasha. Haikuwa fani ya sheria, lakini somo lavuka mpaka bila pasipoti. Mvi hazimzuii mtu kutazama alama ya bahasha.

HABARI NA HOJA

Hapa nakumbuka niliyofundishwa na walimu wangu chuoni, nilipokuwa mtoto wa ubao na wino. Maulamaa wa hadithi waliijua kazi ya kuchagua maandiko karne nyingi kabla ya Harvard. Waliweka mambo mawili mbele yao: sanad, yaani silsila ya wapokezi, na matni, yaani maneno yenyewe. Msomaji ataniuliza, je, hawa nao hawakuwa wakitazama jina? Walitazama, tena kwa ukali kuliko mhariri yeyote. Lakini waliuliza: huyu ni mkweli? Ana kumbukumbu thabiti? Alionana kweli na yule anayempokea? Hawakuuliza: huyu ni wa nyumba gani? Silsila ambayo Imamu Bukhari aliiona ndiyo sahihi kupita zote, ile iitwayo silsila ya dhahabu, ni ya Malik kutoka kwa Nafi kutoka kwa Ibn Umar. Na Nafi alikuwa nani? Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Yeye ndiye pete ya katikati katika mkufu wa dhahabu, na wana wa masharifu na matajiri wako nje yake.

Tena pana tofauti ambayo majarida ya sheria yangefaidika kuikumbuka. Habari yataka mpokezi, kwa sababu mimi sikuwapo, sina budi nimjue aliyekuwapo. Hoja haitaki mpokezi. Hoja iko mbele yako yote, na kila ushahidi wake umeandikwa chini ya ukurasa. Ukitaka kuijua kama ni nzito au nyepesi, iweke mizanini, usimwulize mwenyewe anatoka chuo gani. Anayepima hoja kwa jina la mwenyewe ameichukua kanuni ya habari akaipeleka kusikofaa. Na anayekataa hoja kwa kuogopa itakayomkasirisha, huyo hakupima kitu kabisa.

NA SISI TULIOKO HUKU

Mambo haya hayatuhusu kwa mbali tu. Tunayo majarida ya sheria katika eneo letu tangu zamani: mjini Nairobi kulikuwa na moja kuanzia mwaka 1965, na chuo cha Dar es Salaam kilikuwa na lake kuanzia 1968, bila ya kusahau lile la sheria za Kiafrika lililoanzishwa London mwaka 1957. Mahakama ya Kadhi imetajwa katika Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 170, baada ya mabishano ambayo sote twayakumbuka. Mirathi, talaka na ndoa zetu hupelekwa huko, rufani zikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Na majaji wakikaa kuandika hukumu, hutafuta wanazuoni wameandika nini. Kisichochapishwa hawatakiona. Kijana wetu wa Kisauni au Malindi aliyesoma sheria na elimu ya dini pamoja, akiandika juu ya wakfu au mirathi, atapita kwenye mlango uleule. Tusingoje siku hiyo ndipo tuulize walinzi wake ni akina nani.

Kwa maoni yangu, mlango wenye haki wataka mambo matatu, si mengi. Kwanza, jina lifichwe mpaka uamuzi utoke, hata kama kuna watakaochungulia. Kufuli haliachwi kwa sababu wezi wako. Pili, anayekataliwa aandikiwe sababu, walau mistari mitatu, maana mtu anayejua kwamba ataandika sababu hulazimika kuwa nayo. Tatu, makala ikisha kuombwa, kuhaririwa na kukubaliwa, isirudishwe nyuma na mtu yeyote, awe mwanafunzi, profesa au waziri, isipokuwa kwa kosa lililomo ndani ya makala yenyewe. Kuogopa si kosa la mwandishi.

Hilo la pili ndilo linalonichoma zaidi. Eghbariah alikataliwa, lakini alikuwa na jina la Harvard nyuma yake, akapata mlango mwingine, na dunia nzima ikajua. Msichana wa Faza hakuwa na mlango wa pili. Mstari mmoja kutoka kwangu ungetosha kumrudisha penseli mkononi, na karatasi nilikuwa nayo, na stempu ilikuwa ya ofisi.